Mwalimu wa Mfalme

Miongoni mwa sinema za katuni zilizotoka katika kampuni ya Walt Disney, zipo zilizopendwa na vizazi kwa vizazi, na zipo zilizosukumwa pembeni kama mtoto wa kambo. The Sword in the Stone, yaani upanga uliochomekwa jiweni, imo katika kundi hili la pili. Ilianza kuonyeshwa Marekani tarehe 25 Desemba 1963. Mbele yake ilitangulia One Hundred and One Dalmatians, ile ya mbwa wa madoadoa, mwaka 1961. Nyuma yake ikafuata The Jungle Book mwaka 1967. Ikabanwa katikati ya hizo mbili, na wengi wakaisahau.

Wanaoilaumu hawakosi hoja. Visa vyake vinafuatana kama shanga zisizotungwa uzi. Sauti ya kijana Arthur ilitolewa na wavulana watatu, maana wa kwanza sauti yake ilianza kuvunjika, na mwongozaji, Wolfgang Reitherman, akawatia wanawe wawili kuziba pengo. Msikilizaji makini huigundua tofauti. Kadhalika michoro yake ina mikwaruzo. Zamani picha za penseli zilifuatishwa kwa mkono kwa wino safi. Tangu ile sinema ya mbwa, mashine ilizinakili moja kwa moja, na kila alama ya penseli ikabaki.

Hayo nayakubali. Hata hivyo, msomaji mpendwa, mimi niliyekaa darasani na katika ofisi ya mwalimu mkuu kwa miaka mingi, kila niitazamapo sinema hii siioni kuwa ni habari ya upanga. Naiona kuwa ni habari ya ualimu. Ili tuone ualimu uliingiaje humo, hatuna budi kurudi nyuma katika historia.

Yapata mwaka 1136, mtu wa kanisa aitwaye Geoffrey wa Monmouth aliandika kwa Kilatini tarikhi ya wafalme wa Britania. Humo Arthur anatawala kwa sababu ni mwana wa mfalme Uther. Upanga jiweni haumo. Uliletwa na mshairi Mfaransa, Robert de Boron, karibu na mwaka 1200: upanga umenasa katika fuawe, na fuawe iko juu ya jiwe. Thomas Malory akaipokea hadithi, na kitabu chake kikapigwa chapa na William Caxton mwaka 1485. Katika masimulizi hayo kijana analelewa nyumbani kwa mtu mwingine bila kuujua ukoo wake, na upanga unakuja kutoa ushahidi wa damu. Swali ni moja tu: mrithi halali ni nani? Kijana huyo alijifunza nini kabla ya siku ile, na nani alimfundisha, hilo halikuwashughulisha.

Aliyelishughulikia alikuwa mwalimu. T. H. White alizaliwa Bombay, India, mwaka 1906, akafundisha katika shule ya Stowe huko Uingereza hadi mwaka 1936, kisha akaacha kazi ili aandike. Mwaka 1938 akatoa kitabu chake kuhusu utoto wa Arthur. Alichokifanya ni kulijaza lile pengo la miaka ya malezi: akampa kijana mwalimu, naye ni Merlin, mchawi mzee msahaulifu. Disney alinunua haki za kitabu mwaka 1939, lakini kazi ilingoja zaidi ya miaka ishirini mpaka Bill Peet alipoandika hadithi ya sinema. White alifariki tarehe 17 Januari 1964, majuma machache tu baada ya sinema kutoka.

Sasa tumtazame Merlin akiwa kazini. Mwanafunzi wake ni yatima anayesugua masufuria katika ngome ya Sir Ector, na jina wanalomwita ni Wart, maana yake chunjua. Merlin hana andalio la somo, wala hana subira, na akikasirika ndevu zake humtatiza. Lakini zana zake za kufundishia! Anamgeuza mtoto kuwa samaki katika handaki la maji lililoizunguka ngome, na samaki mkubwa anapomkimbiza, mtoto anajifunza kwamba mdogo mwenye akili aweza kumshinda mkubwa mwenye nguvu. Anamgeuza kindi, na kindi jike anampenda. Mtoto anaporudia umbo lake, kindi yule anabaki analia mtini, na hapo Merlin hana somo la kumpunguzia uchungu. Mara ya tatu anakuwa shomoro, na mwalimu wa kuruka ni bundi Archimedes, yule yule aliyemfundisha kuandika herufi.

Mwewe akamtupa shomoro huyo mikononi mwa mchawi Madam Mim, na pambano la wachawi wawili likaanza, kila mmoja akijigeuza mnyama. Mim anavunja masharti na kuwa joka litemalo moto. Merlin anakuwa kijidudu cha maradhi na kumlaza kitandani. Ni lile somo la samaki, ila safari hii mwalimu mwenyewe ndiye anayefanya mtihani mbele ya mwanafunzi wake.

Kisha unakuja upanga, na hapa ndipo penye dosari kubwa kuliko mikwaruzo ya penseli. Katika kitabu, kijana anapouvuta, wale wanyama waliomfundisha wanamjia kumkumbusha, na nguvu zinatokana na yale aliyojifunza. Katika sinema inashuka nuru, zinasikika sauti za waimbaji, na upanga unatoka wenyewe. Habari za kuwa mwana wa Uther nazo hazitajwi. Basi ufalme haukutoka kwa damu, wala haukutoka kwa elimu. Ulitoka wapi? Ni bahati tupu.

Pia yupo Kay, mwana wa Sir Ector, aliyeng'ang'ania upanga ule mbele ya umati na ukamshinda. White walau alimpa safari moja msituni pamoja na mwenzake. Katika sinema Merlin hampi hata somo moja, nasi tunafanywa tumcheke. Mimi simcheki. Kila shule ina akina Kay wake: watoto wazito wenye kelele, ambao mwalimu hodari huwapita akimtafuta yule atakayeng'ara.

Nalisema hili nikikumbuka kwamba mwezi Machi 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere alitaka elimu ya msingi iwe kamili yenyewe, isiwe maandalizi tu ya wachache wanaokwenda sekondari. Tuliisoma chuo cha ualimu, tukaifundisha, na bado wazazi walitupima kwa majina yaliyobandikwa ukutani baada ya mtihani wa darasa la saba. Upanga ulipotoka, shule ilisifiwa. Usipotoka, miaka saba ilihesabiwa kuwa ni bure.

Hata hivyo sinema hii, mwishoni kabisa, inajirekebisha. Arthur ameachwa ukumbini na bundi Archimedes tu, taji kubwa limemwangukia machoni, na anatafuta mlango wa kutorokea kwa kuwa hajui kutawala. Merlin, aliyekuwa ameondoka kwa hasira na kwenda Bermuda, anarudi na kaptura yake. Upanga umempa mtoto kiti tu. Namna ya kukikalia haikuandikwa juu ya jiwe lolote, na ndiyo maana anamwita mwalimu wake. Lile samaki, lile kindi na lile shomoro, ambayo siku ya upanga hayakumsaidia kitu, sasa ndiyo atakayoyahitaji kila siku, maana chini yake wamo wadogo wengi wanaokimbizwa na wakubwa.

Kwa hiyo namshauri mwalimu kijana aitazame sinema hii bila kuharakia upanga. Ahesabu masomo, na akifika kwa Kay, ajiulize yeye angemgeuza mnyama gani.