Vilima vya Gatsata na Historia ya Waliokuja kwa Miguu





Kila likizo ya shule inapofika, wazazi wengi wa Kigali huuliza watawapeleka wapi watoto bila kutumia pesa nyingi. Jibu letu mara hii ni fupi: wapandisheni kilima. Na kwa wanaokaa upande wa Nyabugogo kilima hakiko mbali, kiko juu ya vichwa vyao. Ni Gatsata.

Lakini hatuwaombi mwende kwa ajili ya hewa safi peke yake. Njia za miguu za vilima hivi zimebeba sehemu kubwa ya historia yetu sisi Waislamu wa Rwanda. Wazee wetu waliingia nchi hii kwa miguu, kisha ukaja wakati wakazuiwa kutembea. Mtoto anayeijua habari hiyo atapanda mlima kwa nia nyingine.

1. Gatsata ni wapi?

Gatsata ni moja ya tarafa 15 za wilaya ya Gasabo. Jina lake watu wengi hulihusisha na magereji na vipuri vya magari, kwa sababu barabara kuu ya kaskazini, iendayo Gicumbi hadi mpaka wa Gatuna, hupita chini yake. Ukiiacha barabara hiyo na kushika njia za miguu zinazopanda katikati ya nyumba, baada ya muda kelele za magari hubaki chini na miti huanza. Mbele yako, upande wa kaskazini, ni mlima Jali.

Simama kidogo utazame nyuma. Chini ni bonde la mto Nyabugogo, mto unaotoka ziwa Muhazi na kumwaga maji yake katika Nyabarongo. Nyabarongo huingia Akagera, Akagera huingia ziwa Victoria, na maji yakatoka huko kwa jina la Nile. Kwa hiyo mtoto aliyesimama Gatsata anatazama maji yanayokwenda Misri. Ng'ambo ya bonde unaona mji wa Nyarugenge na, nyuma yake, mlima Kigali wenye kimo cha mita 1,850 hivi. Mashariki ni kilima cha Gisozi.

2. Msitu si wa kale kama unavyoonekana

Watoto wakiingia katika kivuli cha miti hudhani msitu huo umekuwepo tangu zamani za wafalme. Sivyo. Miti mingi mnayoiona ni mikaratusi, ambayo kwa Kinyarwanda huitwa inturusu. Asili yake ni Australia. Ililetwa Rwanda na wamisionari mwanzoni mwa karne ya 20, na baadaye utawala wa Kibelgiji ukawataka wananchi waipande kwa ajili ya kuni na nguzo, kwa kuwa hukua haraka na hata ukikatwa huchipua tena.

Mti wa wenyeji ni umuvumu, wa jamii ya mkuyu. Huo ulipandwa kuzunguka maboma, na gome lake lilitwangwa likawa nguo. Mahali penye umuvumu mkubwa uliosimama peke yake, mara nyingi palikuwa na mji wa watu. Waambieni watoto wautafute njiani. Atakayeuona wa kwanza apewe zawadi.

3. Waliokuja kwa miguu

Kabla ya wakoloni, wafanyabiashara wa Kiarabu na Waswahili walifika Tabora na Ujiji, lakini Rwanda haikuwafungulia mlango. Wafalme wake walikuwa na nguvu, na wageni hawakuachiwa kuingia ovyo.

Mwezi Desemba 1893 Mjerumani Gustav Adolf von Götzen aliondoka Pangani, pwani ya Tanganyika, na msafara wa wapagazi na askari. Mwezi Mei 1894 walivuka Akagera kwenye maporomoko ya Rusumo, na mwisho wa mwezi huo huo wakafika mbele ya mfalme Kigeli Rwabugiri. Kutoka Pangani hadi Rusumo, hata ukipima mstari ulionyooka, ni karibu kilomita 1,000. Walitumia zaidi ya miezi minne. Vitabu vingi hutaja jina la von Götzen na kuishia hapo. Lakini mizigo haikujibeba! Ilibebwa na watu wa pwani na bara, wengi wao wakizungumza Kiswahili, kila mmoja na mzigo wa kilo 30 hivi kichwani au begani.

Baada ya hapo wakaja wengine: askari, makarani, wakalimani na wachuuzi. Mwaka 1907 Richard Kandt, mwakilishi wa Wajerumani, alichagua kilima cha Nyarugenge kuwa makao yake kwa sababu kipo katikati ya nchi. Ndiyo mwanzo wa mji wa Kigali. Wafanyabiashara wa Kihindi, wa Kiarabu na wa Kiswahili wakaja kununua ngozi na kuuza nguo. Mwaka 1913 ukajengwa msikiti wa Al-Fat'h huko Nyamirambo, unaohesabiwa kuwa wa kwanza mjini. Mbele yetu mkiwa Gatsata, ng'ambo ile ya bonde, ndiko mambo hayo yalikotokea.

4. Walipozuiwa kutembea

Wabelgiji waliichukua Rwanda mwaka 1916 wakakaa mpaka uhuru wa mwaka 1962. Katika zama zao Waislamu walitengewa mitaa iliyoitwa kambi za Waswahili, na ya Kigali ilikuwa Biryogo. Mkazi wa kambi alihitaji kibali cha kutoka, na mtu wa nje alihitaji kibali cha kuingia. Sababu yake ni rahisi kuielewa. Serikali na misheni hawakutaka Uislamu upande vilimani, maana Rwanda vilimani ndiko shamba, na shamba ndiko walikokaa karibu watu wote.

Madhara yake tunayo mpaka leo. Muislamu wa kambini hakuwa na ardhi ya kulima, basi akashika biashara, udereva, ushonaji na ufundi. Shule nyingi zilikuwa za misheni, na mzazi aliyeogopa mwanawe kubadilishwa dini alimweka nyumbani. Hata neno Umuswahili likawa na maana tatu: Muislamu, mtu wa mjini na, katika midomo ya baadhi ya watu, mtu mjanja asiyeaminika. Watu walizuiwa kwenda shamba, kisha wakachekwa kwa kutolijua shamba.

Hali ilibadilika polepole. Mwaka 1964 Waislamu walipata jumuiya yao, AMUR, na shule zao zikaongezeka. Mwaka 1994, katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, wako Waislamu waliouawa na wako waliowaficha majirani zao; Nyamirambo inakumbukwa kwa hilo. Kumbukumbu ya Gisozi, iliyofunguliwa mwaka 2004, ni makaburi ya watu zaidi ya 250,000. Mkiwa Gatsata, waelekezeni watoto wakubwa upande huo wa mashariki, wawaombee amani watu wa nchi hii.

Mwaka 2017 Kiswahili, lugha ya kambini, kilifanywa lugha rasmi ya Rwanda. Na mwaka 2021 sehemu ya mitaa ya Biryogo ilifungwa kwa magari ili watu watembee kwa miguu. Pale palipohitaji kibali cha kutoka, leo watu huja kutembea kwa hiari yao!

5. Kwa familia zitakazokwenda

- Ondokeni asubuhi baada ya Alfajiri na chai, kabla jua halijawa kali.
- Masika ya Machi hadi Mei na mvua za Septemba hadi Desemba hulainisha udongo mwekundu ukateleza kama sabuni. Miteremko ya Gatsata imewahi kuporomoka, kwa hiyo mvua ikinyesha ahirisheni safari.
- Fuateni njia zinazopitwa na watu, na msalimieni kila mtu. Mnapita mbele ya nyumba zao.
- Bibi na babu wasiachwe. Mwendo uwe wa yule mwenye miguu mizito kuliko wote, na njiani aulizwe wazee wake walifikaje Kigali.
- Maji, maandazi na mkeka wa kuswalia vinatosha. Takataka zirudi nyumbani.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi ni siku ya umuganda, na mara nyingi hupandwa miti. Tushiriki pamoja na watoto. Mtume wetu (s.a.w.) alitufundisha kuwa Muislamu akipanda mti, akala humo mtu, ndege au mnyama, huandikiwa sadaka. Wazee wetu hawakuachiwa kupanda kitu vilimani. Sisi tumeachiwa, basi tusikae ndani.

Qur'ani nayo, katika Suratul-Ankabut aya ya 20, inatuamrisha tutembee katika ardhi na tutazame. Gatsata ni mwanzo mzuri, haina nauli kubwa wala kibali.