Kutoka Leeds hadi Blantyre: Historia ya Tiba ya Uvimbe wa Figo kwa Watoto

Mwaka 1877, katika hospitali kuu ya mji wa Leeds, Uingereza, daktari Thomas Jessop alimpasua mtoto wa miaka miwili aliyekuwa akikojoa damu, akamtoa figo moja iliyojaa uvimbe. Ilikuwa imepita miaka minane tu tangu Gustav Simon wa Heidelberg, Ujerumani, aonyeshe kwamba binadamu anaweza kuishi na figo moja. Simon alianza kwa mbwa: aliwatoa figo moja, akawatazama wakipona. Ndipo tarehe 2 Agosti 1869 alipothubutu kumpasua mwanamke ambaye mrija wake wa kutoa mkojo kwenye figo ulikuwa umeharibika katika upasuaji wa awali, mkojo ukawa unamvuja mchana na usiku. Mama yule alipona. Upasuaji wa figo tunaoujua leo, wa watu wazima na wa watoto, unaanzia kwenye kitanda chake.

Mtoto wa Leeds naye alitoka salama mezani. Hata hivyo, kwa miaka mingi baada yake, kumpeleka kwa mpasuaji mtoto mwenye uvimbe wa figo kulikuwa ni kuchagua kifo cha ugonjwa au kifo cha kisu. Wengi walikufa siku hiyo hiyo au siku chache baadaye, na wengi wa waliobaki walirudiwa na ugonjwa tumboni au mapafuni. Leo, katika nchi tajiri, watoto takriban tisa kati ya kumi wenye saratani hii wanapona. Ushindi huo ulijengwa kwa kazi ya kuhesabu watoto mmoja mmoja, mwaka hadi mwaka, na kwa ujasiri wa madaktari waliokubali kupunguza matibabu waliyokuwa wakiyaamini. Hiyo ndiyo historia ninayotaka isimuliwe, kwa sababu sehemu yake muhimu ya sasa inaandikwa katika bara letu.

Ugonjwa wenyewe ulionekana zamani. John Hunter, mpasuaji maarufu wa London wa karne ya 18, alihifadhi katika mkusanyiko wake figo za mtoto mchanga zenye uvimbe pande zote mbili. Mwaka 1814 Mwingereza mwingine, Thomas Rance, alimweleza kwa maandishi mtoto wa kike aliyekuwa na ugonjwa huo. Lakini jina lilikwenda kwa Mjerumani, Max Wilms, aliyechapisha mwaka 1899 kitabu juu ya vimbe mchanganyiko vya figo. Wakati huo wataalamu walikuwa wakibishana, kwa maana walipoutazama uvimbe huu kwa hadubini walikuta mambo yasiyotarajiwa ndani ya figo: nyuzi za misuli, mara nyingine hata gegedu. Wilms alisema vyote hivyo vina chanzo kimoja, yaani seli changa zilizobaki tangu mtoto alipokuwa tumboni mwa mama yake, zikashindwa kukomaa na baadaye zikaanza kuzaliana bila mpango. Kwa sehemu kubwa alikuwa sahihi. Ndiyo maana ugonjwa huu huwapata zaidi watoto wa chini ya miaka mitano, na huwa nadra sana kwa mtu mzima.

Wilms hakuishi kuona mtoto akiponywa kwa uhakika. Mwaka 1918, vita vikuu vikiendelea, alimpasua koo mfungwa wa kivita wa Kifaransa aliyekuwa akisongwa na dondakoo, akaambukizwa. Alifariki Mei mwaka huo akiwa na umri wa miaka 50, huko Heidelberg, mji ule ule wa Simon.

Hatua iliyofuata ilipigwa Boston, Marekani. William Ladd, mmoja wa waasisi wa upasuaji wa watoto, alifundisha kwamba tumbo lifunguliwe kwa mbele, mishipa ya damu ya figo ifungwe kwanza, na uvimbe ushikwe kwa uangalifu ili usipasuke na kumwaga mbegu zake tumboni. Katika miaka ya 1930 takriban theluthi moja ya watoto wake walipona. Tiba ya mionzi ilipoongezwa baada ya upasuaji, idadi ikakaribia nusu.

Halafu zikaja dawa. Selman Waksman na mwenzake Boyd Woodruff, waliokuwa wakitafuta dawa za kuua bakteria katika vijidudu vya udongo, walipata aktinomaisini mwaka 1940. Ilikuwa kali mno. Iliua bakteria, lakini iliwaua na wanyama wa majaribio, basi ikawekwa kando. Waksman aliendelea na udongo wake hadi ikapatikana streptomaisini, dawa ya kifua kikuu iliyompatia Tuzo ya Nobel mwaka 1952. Ile sumu iliyowekwa kando ikamvutia Sidney Farber, daktari wa Boston aliyekuwa ameshaonyesha kwamba saratani ya damu ya watoto inaweza kurudi nyuma kwa dawa. Katika miaka ya 1950 Farber aliwapa aina moja ya aktinomaisini watoto wenye uvimbe wa Wilms, pamoja na upasuaji na mionzi. Vivimbe vilivyokuwa vimesambaa mapafuni vilianza kutoweka kwenye picha za eksirei. Miaka michache baadaye ikaongezwa vinkristini, inayotolewa kwenye mmea wa Madagaska wenye maua ya waridi au meupe, ule ule unaoota kwenye nyua nyingi za pwani yetu na mbele ya shule, bila mtu kuujali.

Hapo ndipo tatizo jipya lilipozaliwa. Madaktari walikuwa na silaha tatu na kila mmoja aliogopa kuacha hata moja. Mtoto alipasuliwa, akachomwa mionzi, akapewa dawa kwa zaidi ya mwaka. Alipona, ndiyo, lakini mionzi iliyopita kwenye uti wa mgongo wa mtoto wa miaka mitatu ilizuia mifupa ya upande mmoja kukua. Walipofika ujana, wengine walikuwa wamepinda mgongo. Wasichana wengine, walipoolewa, walipata shida ya kubeba mimba. Wengine walipata saratani ya pili mahali palipochomwa. Nani alihitaji yote hayo, na nani angeweza kupona kwa machache? Hakuna aliyejua, kwa sababu hakuna hospitali moja iliyoona watoto wa kutosha. Marekani nzima hupata watoto takriban 500 tu wa ugonjwa huu kwa mwaka.

Mwaka 1969 hospitali nyingi za Marekani zilikubaliana kufanya kazi pamoja chini ya Utafiti wa Kitaifa wa Uvimbe wa Wilms. Kiongozi wake alikuwa Giulio D'Angio. Mtaalamu wa takwimu alikuwa Norman Breslow wa Seattle, na aliyekagua vipande vya vimbe kwa hadubini alikuwa Bruce Beckwith. Utaratibu ulikuwa rahisi kuueleza na mgumu kuukubali: mzazi akitoa ridhaa, mtoto alipangwa kwa kura katika kundi moja au jingine, na daktari hakuwa na ruhusa ya kuchagua. Fikiria moyo wa mzazi aliyeambiwa hivyo, mtoto akiwa kitandani. Maelfu walikubali, na kila mtoto anayetibiwa leo kwa ugonjwa huu, popote duniani, anafaidika na ridhaa zao.

Majibu yalikuja moja baada ya jingine. Utafiti wa kwanza ulionyesha kwamba watoto wa chini ya miaka miwili, ambao uvimbe wao haujatoka nje ya figo, hawahitaji mionzi, na kwamba dawa mbili pamoja ni bora kuliko moja moja. Wa pili ulionyesha kwamba katika hatua hiyo ya mwanzo, miezi sita ya dawa inatosha, si kumi na mitano. Wa tatu ukaishusha miezi sita hadi wiki kumi, na kuwaondolea mionzi wengi wa hatua ya pili. Wa nne ulithibitisha kwamba dozi moja ya aktinomaisini inafanya kazi sawa na ile iliyogawanywa kwa siku tano, hivyo safari za kliniki zikapungua na gharama zikashuka. Wakati huo huo Beckwith alibainisha kwamba baadhi ya vimbe vina seli zenye sura mbaya zaidi chini ya hadubini. Wenye vimbe hivyo ndio waliohitaji tiba nzito, wengine wakapunguziwa.

Napenda kukaa kidogo kwa D'Angio. Alikuwa bingwa wa tiba ya mionzi. Mionzi ndiyo ilikuwa kazi yake, heshima yake na chakula chake. Na yeye ndiye aliyeongoza tafiti zilizoonyesha kwamba watoto wengi hawaihitaji. Mwaka 1975 aliwaandikia wenzake akiwaonya kwamba kumponya mtoto pekee hakutoshi, kwani mtoto huyo bado ana maisha marefu baada ya sisi kumruhusu kwenda nyumbani. Katika historia ya tiba nawajua wachache waliotumia maisha yao kupunguza ukubwa wa fani yao wenyewe. D'Angio anastahili kukumbukwa kwa hilo kuliko jambo jingine lolote.

Ulaya ilichukua njia yake. Kuanzia mwaka 1971, Shirika la Kimataifa la Saratani za Watoto lilianzisha majaribio yake, Mfaransa Jean Lemerle akiwa miongoni mwa viongozi. Wamarekani walipasua kwanza ili wajue hasa ni uvimbe gani. Wazungu wa Ulaya walitanguliza tiba ili uvimbe usinyae na usipasuke mikononi mwa mpasuaji. Kwanza kwa mionzi, kisha, ilipothibitika kwamba dawa zinafanya kazi hiyo hiyo, kwa wiki chache za dawa hizo. Mabishano hayo yamedumu nusu karne, na matokeo ya pande zote mbili yanakaribiana sana. Kwetu Afrika, kwa maoni yangu, njia ya Ulaya ndiyo inayofaa zaidi, kwa sababu ya ukubwa wa uvimbe ambao madaktari wetu hukutana nao.

Na hapa tunafika Blantyre, Malawi. Katika Hospitali Kuu ya Queen Elizabeth, Elizabeth Molyneux na Trijn Israels, pamoja na wenzao Wamalawi, walianza kuwachunguza kwa makini watoto wa uvimbe wa Wilms. Waliowapokea hawakufanana na watoto wa vitabu vya Boston. Uvimbe ulijaza nusu ya tumbo, na mtoto mwenyewe alikuwa amekonda. Vipimo vilionyesha kwamba vinkristini inakaa muda mrefu zaidi katika damu ya mtoto mwenye utapiamlo kuliko ya mtoto aliyelishwa vizuri Ulaya. Maana yake, dozi ya kitabuni ingeweza kumdhuru, hivyo ikabidi ipunguzwe. Waliwapa watoto chiponde, chakula cha siagi ya karanga kilichotengenezwa pale pale Malawi, ili wapate nguvu kabla ya upasuaji. Huo nao ulikuwa utafiti wa tiba, sawa na ule wa maabara, na ulijibu swali ambalo hakuna mtu Ulaya aliyekuwa na haja ya kuliuliza.

Lililowasumbua zaidi ni wazazi kuondoka. Mama amekaa wodini wiki sita, nyumbani ameacha watoto wengine na shamba lisilopaliliwa, nauli ya kurudi kliniki hana. Tumbo la mtoto limeshuka kwa dawa, anacheza, anaonekana mzima. Mama anaaga na harudi. Miezi michache baadaye uvimbe unarudi, na safari hiyo hauzuiliki. Mwaka 2014 hospitali kadhaa za Afrika, zikiwamo za Malawi, Ghana, Kameruni na Zimbabwe, ziliungana katika mradi wa pamoja: mwongozo mmoja wa tiba unaolingana na uwezo wao, nauli na gharama za tiba kulipiwa, na familia kupigiwa simu zikichelewa. Waliokuwa wakiacha matibabu walikuwa karibu robo. Wakashuka hadi takriban mmoja kati ya wanane. Vifo wakati wa matibabu vikapungua pia. Hakukuwa na dawa mpya hata moja.

Kenya ilipata jibu la namna hiyo hiyo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulikuta kwamba takriban nusu tu ya watoto wa uvimbe huu walifika miaka miwili bila ugonjwa kurudi, na kwamba wale ambao familia zao ziliandikishwa katika bima ya taifa ya hospitali, NHIF, walimaliza tiba na kuishi zaidi kuliko wasio na bima. Nchini Tanzania, shirika la Tumaini la Maisha linasaidia watoto wenye saratani kutibiwa bure Muhimbili, na ni jambo la kujivunia. Lakini kati ya kijiji na Muhimbili kuna nauli, chakula na mahali pa kulala, na kabla ya hayo kuna miezi ya kuzunguka. Tumbo kubwa la mtoto huitwa minyoo, au bandama, au kwashakoo. Mkojo wenye damu huitwa kichocho. Mara nyingi ni kweli, na ndiyo sababu mtoto yule mmoja ambaye kwake si kweli hupita bila kuonekana, akikandwa tumbo na kuchanjwa chale hadi uvimbe unafika mapafuni.

Wizara zetu za afya zihesabu nauli ya mama kuwa sehemu ya dozi, kwa sababu tafiti za Malawi na Kenya zimeshatuonyesha hivyo. Nawe mzazi au mlezi unayesoma: ukimwogesha mtoto ukagusa kitu kigumu upande mmoja wa tumbo, au ukaona tumbo linakua huku mwili unakonda, au mkojo una damu, usimkande na usikubali mtu alibonyeze-bonyeze tumbo hilo. Mpeleke hospitali yenye ultrasaundi wiki hiyo hiyo, na akianza tiba, usiikatize hata kama anaonekana amepona.