Daftari la Katibu: Ushirika wa Kahawa na Uamuzi wa Mwaka 1976

Marehemu babu yangu alikuwa katibu wa chama cha msingi cha wakulima wa kahawa katika kijiji kimoja cha Vunjo, kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Daftari lake la mikutano lipo kwangu. Lina kumbukumbu za kawaida kabisa: nani alilalamikia mizani, nani aliuliza sababu za malipo ya pili kuchelewa, kamati ilijibu nini. Mkutano wa mwisho uliomo humo ulifanyika mapema mwaka 1976. Kurasa zilizobaki ni tupu.

Mwezi Mei mwaka huo Serikali ilivifuta vyama vya ushirika nchini. Wanafunzi wangu huupokea uamuzi huo kama jambo la kiuchumi tu, suala la ufanisi na hasara. Mimi nauona zaidi kama uamuzi juu ya nani ana haki ya kuuliza maswali.

Wachagga walianzisha chama chao cha wakulima wa kahawa mwaka 1925, wakati walowezi wa Kizungu wakipinga Mwafrika kupanda zao hilo. Mwaka 1933 kikafuatiwa na chama kikuu cha KNCU, kilichosajiliwa chini ya sheria ya ushirika ya mwaka uliotangulia. Hata hivyo nisiwadanganye wasomaji kwamba kilikuwa chombo safi cha wananchi tangu mwanzo. Serikali ya kikoloni iliwalazimisha wakulima kuuza kahawa yao kupitia KNCU pekee, na bei ilipoporomoka, mwaka 1937 kukazuka ghasia na maghala ya chama yakashambuliwa. Wakulima hao hawakuukataa ushirika. Walikataa kuamrishwa ndani ya chombo walichoambiwa ni chao.

Chama kilijirekebisha, na baada ya Vita Kuu ya Pili bei nzuri ya kahawa ilikisaidia. Mkulima alipokea malipo ya kwanza alipopeleka kahawa. Ikishauzwa, ziada ikarudi kwake kama malipo ya pili. Utaratibu huu ulimfanya afuatilie habari za mnada. Alikuwa na sababu ya kuhudhuria mkutano, kwa kuwa fedha yake ilikuwa bado njiani.

Baada ya Uhuru ushirika ulienezwa haraka mno, hata mahali ambapo wakulima hawakuuomba. Tume iliyoundwa mwaka 1966 ilikuta wizi, vitabu vya hesabu visivyoeleweka na wanasiasa waliojipenyeza. Matatizo hayo yalikuwa ya kweli. Daftari la babu lenyewe lina ukurasa mzima juu ya mtunza ghala ambaye magunia yake hayakulingana na hesabu. Wanachama walimhoji mpaka jioni, wakamwondoa. Hiyo ndiyo dawa ambayo uamuzi wa 1976 uliitupa pamoja na ugonjwa.

Sheria ya vijiji ya mwaka 1975 ilikuwa imekifanya kila kijiji kihesabiwe kuwa chama cha ushirika, na mamlaka za mazao zikachukua kazi ya ununuzi. Kwa kahawa, wakati ulikuwa mbaya kupita kiasi. Baridi kali ya Julai 1975 ilikuwa imeiharibu mibuni ya Brazil, na kufikia mwaka 1977 bei ya dunia ilipanda kuliko ilivyowahi kuonekana. Mkulima wa Kilimanjaro aliikuta neema hiyo akiwa hana tena chombo chake cha kuulizia ni kiasi gani kimebaki njiani, kwenye ushuru na gharama za mamlaka.

Mwalimu Nyerere mwenyewe alikiri baadaye kwamba kuvunja ushirika na serikali za mitaa yalikuwa makosa. Sheria ya mwaka 1982 ilivirudisha vyama, lakini vilirudi kwa amri kama vilivyoondoka, huku uongozi wa Chama tawala ukiwa juu yake. Soko lilipofunguliwa kwa wanunuzi binafsi katikati ya miaka ya 1990, vyama vingi vilikuwa na madeni na havikuwa na watu wa kuvitetea. Wengi wa rika langu waliokulia vihambani wanakumbuka mibuni ikiachwa au kung'olewa, nafasi yake ikichukuliwa na mahindi na nyanya.

Tangu mwaka 2018 tumerudi kwenye agizo la kuuza kahawa kupitia AMCOS. Ninaelewa hoja ya Serikali: wanunuzi waliomlipa mkulima kahawa ikiwa bado mtini walimnyonya kweli. Ila ninaposoma agizo linalomlazimisha mtu kuuza kwa chama chake mwenyewe, naukumbuka mwaka 1937.

Baba yangu mdogo ni mwanachama wa AMCOS. Katika mkutano mmoja wa karibuni alitaka kujua ni nani aliyepitisha makato ya kila kilo. Aliambiwa swali lake liwekwe kwenye mengineyo. Ilipofika zamu ya mengineyo, mgeni rasmi alikuwa na safari, na mkutano ukafungwa. Katika daftari la babu, maswali ya wanachama ndiyo ajenda ya kwanza kila mara, kabla hata ya taarifa ya kamati.