Pasua na pasuka: nani aliyeshika shoka?

Kitenzi pasua maana yake ni kukitenga kitu kizima pande mbili au zaidi kwa nguvu, aghalabu kwa kufuata urefu wake na kwa chombo chenye makali. Kuni hupasuliwa kwa shoka, ingawa wako wasemao kuchanja kuni. Gogo hupasuliwa mbao kwa msumeno. Samaki hupasuliwa kabla ya kuanikwa juani awe ng'onda.

Si kila kitokacho pande mbili huwa kimepasuliwa. Chungwa hukatwa. Nazi, katika matumizi ya pwani, huvunjwa, hata kama mvunjaji ni stadi na vizio viwili vikalingana. Karatasi na nguo huchanwa au huraruliwa. Kugawa nako ni jambo jingine, kwani anayegawa anaangalia nani atapata nini, na pengine hakuna kilichokatwa wala kuvunjwa.

Hospitalini kitenzi hiki kimepata heshima ya pekee. Upasuaji ni fani kamili ya tiba, na daktari wake ni mpasuaji. Hata hivyo mgonjwa akisema "nilipasuliwa", na daktari akisema "alifanyiwa upasuaji", tukio ni lile lile lakini uzito wake masikioni si mmoja. Mkalimani wa Kiswahili katika hospitali ya Uingereza au Marekani hana budi kuijua tofauti hiyo, kwa kuwa mgonjwa anayesubiri kutia saini ya ridhaa huenda akashtushwa na neno kabla ya kuelewa tiba yenyewe.

Utamu wa neno, lakini, umo katika kiambishi. Pasua humhitaji mtendaji, pasuka humficha. "Mtoto amepasua chupa" ni mashtaka. "Chupa imepasuka" ni taarifa tu, na kila mtoto wa Kiswahili huijua mapema njia hiyo ya kujiokoa. Tofauti hiyo huendelea hadi kwenye nomino. Mpasuo, utokanao na pasua, ni kama ule wa pembeni mwa kanzu au sketi, ambao fundi ameuacha kwa makusudi. Mpasuko hutokana na pasuka, na haumtaji aliyeusababisha.

Neno hilo la pili ndilo lililoingia katika siasa. Rais Jakaya Kikwete, alipolihutubia Bunge la Tanzania Desemba 2005, alizungumzia mpasuko wa kisiasa Zanzibar, na kwa miaka kadhaa vyombo vya habari vikalitumia kuuelezea uhasama baina ya wafuasi wa CCM na wa CUF, hadi maridhiano na kura ya maoni ya Julai 31, 2010 iliyofungua njia ya Serikali ya Umoja wa Kitaifa. Lilikuwa neno lililowafaa wapatanishi. Pande zote mbili ziliweza kulitamka bila yeyote kukiri kwamba ndiye aliyepasua. Aliyefiwa au kujeruhiwa katika ghasia za Januari 2001 angeweza kuuliza, na kwa haki, mtendaji amekwenda wapi.

Nchini Kenya kupasua mbarika ni kutoboa siri, na hapo mtendaji hafichiki: magazeti humtaja kwa jina.