Panpaper: kiwanda kilichoukuza Webuye, kisha kikazimwa ghafla

Abiria waliotoka Kitale kwa barabara ya Kiminini na Misikhu miaka ya 1980 hawakuhitaji kuuliza kama Webuye iko karibu. Pua iliwajulisha. Vioo vya basi vilianza kufungwa kimoja baada ya kingine, wageni wakakunja nyuso, wenyeji wakaendelea na mazungumzo yao. Kilikuwa kiwanda cha Pan African Paper Mills, ambacho kila mtu kutoka Bungoma hadi Kitale alikiita Panpaper, kikipika miti.

Miji ya moshi huhusishwa zaidi na makaa ya mawe, na Kenya haijawahi kuwa na kituo cha umeme wa nishati hiyo. Kile kilichopangwa kujengwa Lamu, cha takribani megawati 1,000, kilinyang'anywa leseni ya mazingira na Jopo la Kitaifa la Mazingira mnamo Juni 2019, kabla hata ya jiwe la kwanza. Lakini mtu anayetaka kujua mji unavyoishi chini ya mabomba ya moshi, na unavyosalia siku tanuri zinapopoa, hana haja ya kwenda Ulaya. Webuye iliyapitia yote mawili ndani ya kizazi kimoja.

Eneo lenyewe lina historia ndefu kuliko kiwanda. Juu ya mji umesimama mlima wa Chetambe, ambako Wabukusu walijihami nyuma ya ngome yao mwaka 1895 na kushambuliwa na kikosi kilichoongozwa na Charles Hobley, afisa wa utawala wa Kiingereza. Wengi waliuawa, na jina la Chetambe lingali linatajwa kwa uchungu katika simulizi za Bungoma. Chini yake mto Nzoia unaporomoka kwenye maporomoko ya Nabuyole. Wakoloni waliyapa maporomoko hayo jina la Mzungu aliyeitwa Broderick, na reli ya kwenda Uganda ilipopita hapo miaka ya 1920, stesheni nayo ikaitwa Broderick Falls. Jina la Webuye lilirudi baada ya uhuru.

Mto na reli ndivyo vilivyokileta kiwanda. Kutengeneza karatasi kunahitaji maji mengi mno, na Nzoia, unaokusanya maji ya Cherangani na Mlima Elgon na kupita Trans Nzoia kabla ya kufika hapa, haukauki. Miti ilikuwa inakua Turbo, umbali mfupi tu kwa reli, ambako serikali ilikuwa imepanda misonobari na misaipresi kwa ajili hiyo hiyo. Wenye mtaji walikuwa watatu: Serikali ya Kenya, shirika la IFC la Benki ya Dunia, na Orient Paper Mills, kampuni ya ukoo wa Birla kutoka India. Uzalishaji ulianza mwaka 1974 kwa uwezo wa tani 45,000 kwa mwaka. Baada ya upanuzi, uwezo huo ulivuka tani 100,000.

Inafaa kuingia ndani kidogo, kwa sababu bila kujua kazi yenyewe ni vigumu kuelewa kifo chake. Gogo lilimenywa gome, likakatwakatwa kuwa vipande vidogo, na vipande hivyo vikapikwa kwa mvuke ndani ya mtungi mkubwa wa chuma pamoja na magadi makali na kemikali za salfa. Nyuzi za mti zilitoka huku, kule kukatoka majimaji mazito meusi. Majimaji hayo hayakumwagwa: yalikaushwa hadi yakawa kama lami, yakachomwa kwenye tanuri, na moto wake ukazalisha mvuke wa kupikia na wa kuzungusha mitambo ya umeme. Juu ya hapo yalichomwa mafuta mazito, na umeme wa ziada ukanunuliwa kutoka gridi ya taifa. Kwa hiyo kiwanda cha karatasi kilibeba ndani yake kituo kizima cha nishati, na siku bei ya nishati ilipopanda, karatasi ndiyo iliyoumia.

Salfa hiyo ndiyo iliyonuka kama yai viza. Ilitoka na moshi, ikatua juu ya nyumba. Wakazi wa Webuye walilalamika kwa miaka mingi kwamba mabati yao yanaliwa na kutu kabla ya wakati, na kwamba wao na watoto wao wanakohoa. Wavuvi na wakulima wa chini ya mto walilalamikia maji machafu yaliyoshuka kuelekea Mumias, Budalangi na hatimaye Ziwa Victoria. Malalamiko hayo yalikuwa ya haki, na hayakupewa uzito yaliostahili, kwa kuwa aliyeyasikiliza alikuwa pia mwenye hisa.

Hata hivyo hakuna aliyetaka kiwanda kifungwe. Watu wapatao 1,500 waliajiriwa moja kwa moja, na nyuma yao walikuwa wakata miti, madereva wa malori, mama mboga, wenye nyumba za kupangisha na wauza mitumba waliongoja mwisho wa mwezi kwa hamu kuliko wenye mishahara wenyewe. Timu ya soka ya Pan Paper ilicheza ligi kuu ya Kenya miaka ya 1990. Karatasi ya Webuye ilichapishiwa magazeti, ikawa madaftari ya shule, ikawa mifuko. Kijana wa Kimilili au Kiminini aliyepata kazi Panpaper alihesabiwa kuwa ametoka kimaisha.

Miti ndiyo iliyoanza kupungua. Zamani wakulima waliruhusiwa kulima mahindi ndani ya misitu ya serikali huku wakitunza miche mpaka ishike. Mfumo huo wa shamba ulipopigwa marufuku miaka ya 1980, miti iliendelea kukatwa lakini upandaji ukazorota. Mwaka 1999 serikali ilisimamisha ukataji katika misitu yake, ila kampuni tatu kubwa zikaachwa ziendelee: Timsales, Raiply na Pan African Paper Mills. Wenye mashine ndogo za kupasua mbao walifunga milango huku wakiyatazama malori ya wakubwa yakipita. Upendeleo ule uliongezea kiwanda miaka michache, lakini haukuongeza mti hata mmoja Turbo.

Kisha mafuta. Julai 2008 pipa la mafuta ghafi lilivuka dola 140 katika soko la dunia, na kiwanda kilichokuwa kimeshalemewa na madeni, mitambo mizee na karatasi ya bei rahisi kutoka nje hakikuwa na pumzi ya kustahimili. Bili za umeme zilirundikana hadi ukakatwa. Januari 2009 mitambo ilisimama.

Mabingwa wa uchumi wana sababu nyingi za kueleza kilichofuata. Wenyeji wana moja: hakuna aliyewaambia mapema. Mfanyakazi aliyeingia zamu Desemba hakujua kwamba kufikia Februari atakuwa anadai malimbikizo ya mshahara. Nyumba za kupangisha zilibaki wazi, maduka yakahamia Bungoma mjini na Kitale, watoto wakarudishwa kwa babu vijijini. Jaribio la kukifufua wakati wa Rais Mwai Kibaki halikudumu. Hewa ilisafishika, ndiyo, na mabati mapya yakakaa. Lakini mji ambao hewa yake ni safi kwa sababu mishahara imekoma haujatendewa haki.

Kwingine tarehe ilitajwa mapema: Uingereza ilifunga kituo chake cha mwisho cha makaa ya mawe, Ratcliffe-on-Soar, tarehe 30 Septemba 2024. Kilikuwa kimefanya kazi tangu miaka ya 1960, kizee kuliko Panpaper. Nia ya kuachana na makaa ilitangazwa mwaka 2015, na mwaka 2021 ukomo ukawekwa kuwa Oktoba 2024. Mfanyakazi wa pale alikuwa na miaka mitatu kamili ya kujifunza kazi nyingine, kuomba uhamisho au kupiga hesabu ya pensheni. Kenya si Uingereza, na hazina zake si sawa. Ila kutaja tarehe mapema hakuhitaji hazina kubwa.

Mwaka 2016 kiwanda kiliuzwa kwa kundi la Rai kwa shilingi milioni 900, bei iliyozua ubishi mkali kwa kuwa wengi waliamini mali ile ilikuwa na thamani kubwa zaidi. Kikaanza tena kwa jina la Rai Paper. Marufuku ya ukataji miti, iliyowekwa upya mwaka 2018, nayo iliondolewa Julai 2023.

Sasa zamu ni ya Bukembe, mwendo mfupi kutoka Webuye. Kiwanda cha sukari cha Nzoia, kinachochoma makapi ya miwa kupata mvuke wake, kilikodishwa mwaka 2025 kwa kampuni ya West Kenya Sugar kwa miaka 30. Wakulima wa Bungoma, Kakamega na Trans Nzoia wanaopeleka miwa pale wana haki ya kuuliza maswali ambayo Webuye haikujibiwa: malimbikizo yatalipwa lini, maji machafu yatakwenda wapi, na kampuni ikitaka kufunga, itatoa notisi ya muda gani? Bunge la kaunti ya Bungoma lidai majibu hayo kwa maandishi sasa, wakati mwekezaji bado anawahitaji wakulima.