Kitumba cha Karafuu

Jino liliponiuma utotoni, bibi alichukua punje ya karafuu, akaisukuma kwenye tundu la jino. "Ibane hapo, mjukuu wangu, usiitafune." Baada ya muda mfupi ufizi ulikufa ganzi.

Miaka mingi baadaye, katika maabara ya chuo, nilizipitishia mvuke punje kama zile hadi zikatoa mafuta. Nikadondoshea kloridi ya chuma, rangi ikageuka: ishara ya fenoli. Fenoli hiyo ni eujenoli, ambayo mara nyingi ni asilimia 70 hadi 90 ya mafuta ya karafuu. Huzuia neva kupeleka taarifa ya maumivu. Madaktari wa meno huichanganya na oksidi ya zinki kuziba meno kwa muda. Bibi hakuwa amebahatisha.

Ile tunayoiita punje ni kitumba cha ua. Lazima kichumwe kabla hakijachanua, maana kikichanua thamani inashuka. Msimu haungoji, na kila kishada huchumwa kwa mkono. Hapo ndipo kemia inapokutana na historia.

Asili ya mkarafuu ni visiwa vya Maluku, Indonesia. Mnamo 1770 Wafaransa waliipeleka miche Mauritius kwa siri, kinyume cha Waholanzi walioihodhi biashara hiyo. Mwanzoni mwa karne ya 19 ikafika Unguja. Chini ya Seyyid Said mashamba yalitanuka, na mikono iliyochuma ilikuwa ya watumwa, wengi wao waliotekwa bara na kupitishwa Kilwa. Kimbunga cha 1872 kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja; ya Pemba ikanusurika kwa kiasi kikubwa. Mwaka uliofuata Sultani Barghash, akishinikizwa na Waingereza, alifunga soko la watumwa. Hata hivyo, mashambani utumwa uliendelea kutambuliwa kisheria hadi 1897.

Nilipima fenoli, tanini na flavonoidi, kila kimoja na kitendanishi chake. Fomu ya ripoti ilikuwa na mstari mmoja tu wa "chanzo cha sampuli". Nikaandika: Pemba. Msimamizi akaridhika, akatia saini.

Mimi sikuridhika. Dawa iliyonituliza jino ilitufikia kupitia watu ambao hawakulipwa, na fomu ile haikuwaachia hata mstari mmoja. Ndiyo maana nimeandika huu.