Jina la Python na Swali la Mwanagenzi

Mwaka 1991 Mholanzi Guido van Rossum alitoa lugha ya kuandikia programu za kompyuta, akaiita Python. Mwenye pupa ya kutafsiri ataiita Chatu. Kumbe jina hilo lilitokana na Monty Python, kundi la wachekeshaji wa Uingereza. Basi jina lisiguswe. Kazi yetu iko kwingine. Mwanagenzi wa Mbuba, wilayani Ngara, aliyelelewa kwa Kihangaza na kusomeshwa shule ya msingi kwa Kiswahili, hukuta amri za lugha hiyo zimetokana na Kiingereza. Akiuliza kwa nini kompyuta haikomi kuchora mduara uleule, tumjibu hivi: kitanzi, yaani maagizo yanayorudiwa, hakikomi kwa kuwa kigeu, yaani jina lililobeba thamani inayoweza kubadilika, hakikubadilishwa. Istilahi isiyomfaa anayeanza ni pambo tu.